Hoteli ndogo ya familia kando ya bahari, Naxos (Ugiriki): tujiandae vipi?

Ummu_Wete

Assalaam alaykum.

Mwezi wa tisa, in shaa Allah, tunakwenda Ugiriki, kisiwa cha Naxos, usiku 6. Tupo watatu: mimi, mume wangu na mkwe wangu, mama wa miaka 68 ambaye magoti hayampi raha. Hoteli kubwa hatuzitaki. Tumepata hoteli ndogo ya familia, sehemu ya Agia Anna, vyumba 11, juu na chini, bahari iko mbele ya mlango. Mwenyewe na mkewe ndio wanaopokea wageni, na ndio wanaoandaa chai ya asubuhi. Tumechukua vyumba viwili, euro 85 kila kimoja kwa usiku. Wametaka tutume asilimia 30 kwa benki, iliyobaki tulipe tukifika.

Naomba wenye kujua wanifafanulie. Kulipa kwa namna hii kuna hatari gani? Chumba cha hoteli kama hizi kina nini na hakina nini, hasa choo na maji ya moto? Tule nini tusije kuchanganyiwa nguruwe au mvinyo? Na safari ya kurudi: ndege yetu inaondoka Athens saa 12 jioni, tukipanda meli asubuhi ya siku hiyohiyo tutawahi? Viza bado hatujaomba, tunangoja kwanza malazi yathibitike.

Mpokezi_Paje

Waalaykum salaam dada. Nianze na viza, kwa sababu ndiyo inayoamua mambo ya pesa.

Viza ya Schengen, ndiyo ya Ugiriki na nchi nyingi za Ulaya, huombwa kuanzia miezi 6 kabla ya safari, na isipungue siku 15. Ada ni euro 90 kwa mtu mzima tangu Juni 2024, na hairudi hata ukikataliwa. Majibu kwa kawaida ni ndani ya siku 15, lakini wanaweza kuvuta hadi 45, kwa hiyo safari ya mwezi wa tisa usiiombee viza mwezi wa nane. Bima ya safari lazima iwe ya euro 30,000 au zaidi. Malazi yaoneshwe kwa kila usiku, ukiwemo wa Athens mkilala huko. Watu wengi wanausahau huo wa Athens, faili likaonekana lina pengo.

Sasa hoteli. Kabla hujatuma hata euro moja, waandikie uwaulize jambo moja waziwazi: viza ikikataliwa, ile asilimia 30 inarudi? Hoteli kubwa zina kanuni iliyoandikwa kwenye mfumo. Hoteli ya familia kanuni yake ni neno la mwenyewe, na neno hilo ulipate kwa maandishi. Wengi wanakubali wakiambiwa mapema, na wanakasirika wakiambiwa baadaye. Waombe pia barua fupi yenye majina yenu kama yalivyo kwenye pasipoti, tarehe za kuingia na kutoka, anwani, na namba ya usajili wao wa utalii inayoanza na herufi ΜΗ.Τ.Ε. Namba hiyo mara nyingi iko chini kabisa ya tovuti ya hoteli. Asiyekuwa nayo ana maelezo ya kukupa.

Kuhusu kutuma pesa: akaunti ya Ugiriki huanza na GR na jumla ina herufi na tarakimu 27. Hesabu. Jina la akaunti lifanane na jina la hoteli au la mwenyewe aliyekuandikia. Wizi unaotokea zaidi ni huu: mazungumzo yanakwenda vizuri, halafu inakuja barua pepe kuwa "benki yetu ina matatizo, tumia akaunti hii nyingine". Hapo simama. Piga namba ya simu uliyoipata pengine, siyo iliyo ndani ya barua hiyo, umsomee tarakimu 4 za mwisho. Na benki ikikuuliza gharama zibebwe na nani, chagua zote ziwe juu ya mtumaji. Bila hivyo benki za katikati zitakata njiani, zifike pungufu, na mwenye hoteli ataona hujatimiza.

Mnazi_Mmoja77

Hiyo iliyobaki bebeni taslimu tu. Hoteli za familia zinapenda noti mkononi, na pengine mtapunguziwa.

Daftari_la_Hesabu

Ndugu yangu hapo juu, usimpeleke dada huyu kwenye matatizo. Ugiriki sheria hairuhusu mteja kumlipa mfanyabiashara taslimu kwa risiti inayozidi euro 500. Hesabu yao ni hii: vyumba 2 × usiku 6 × euro 85 ni 1,020. Asilimia 30 ni 306. Inabaki 714. Hiyo ni ya kadi au ya benki. Mwenye hoteli akiipokea kwa noti, faini inamkuta yeye. Akikuomba aikate vipande ili isionekane, kataa kwa adabu.

Kwa hiyo kabla ya kuondoka nendeni benki muhakikishe mambo mawili: kadi imefunguliwa kwa matumizi ya nje, na kikomo chake cha siku kinapita euro 714. Kadi nyingi huku kikomo kiko chini ya hapo, na mtu anakuja kulijua hilo mashine inapokataa, foleni nyuma yake. Taslimu chukueni ya matumizi madogo, ichukuliwe kwa euro tangu hapa. Shilingi yetu huko hakuna duka la kuibadilisha.

Kuna kodi nyingine ambayo mara nyingi haimo kwenye bei, inalipwa hotelini kwa chumba kwa usiku. Wanaiita ada ya kukabili mabadiliko ya tabianchi. Kuanzia Aprili hadi Oktoba, hoteli ya nyota 1 au 2 ni euro 2, nyota 3 ni euro 5, nyota 4 ni 10, nyota 5 ni 15. Yenu ikiwa ya nyota 2, ni euro 24 kwa safari nzima. Ikiwa ya nyota 3, ni euro 60. Waulizeni nyota zao ni ngapi. Na msishangae mkiona alama za funguo badala ya nyota: vyumba vya kupangisha Ugiriki hupimwa kwa funguo, kutoka 1 hadi 4. Hicho ni kipimo chao, wala si kwamba ni duni.

Risiti daima ichukue. Hata mkahawani, sheria inasema mteja asiyepewa risiti hana lazima ya kulipa, na tangazo hilo linabandikwa wazi.

Fundi_Bomba_Mwera

Mimi nijibu la choo na maji, kwa sababu ndipo wageni kutoka kwetu wanapotaabika na hakuna anayewaambia.

Karatasi haitupwi chooni. Si kwamba wanapenda hivyo. Mabomba ya maji machafu katika nyumba nyingi za zamani kule ni membamba, kama inchi 2, wakati sisi hapa tumezoea inchi 4, na visiwani nyumba nyingi zinaishia kwenye shimo la nyumba yenyewe. Karatasi inakwama kwenye kona, inajazana, mwisho maji yanarudi bafuni kwa jirani wa chini. Kando ya choo utakuta kindoo chenye kifuniko cha kukanyaga. Karatasi ni humo, na kinamwagwa kila siku.

Shatafu hakuna. Hili mjue kabisa. Beba kopo la plastiki lenye mkono, la lita 1, halina uzito. Likikosekana, chukua chupa ya maji ya lita 1.5, toboa kizibo matundu matano kwa pini iliyopashwa moto, jaza maji, minya. Inafanya kazi vizuri kabisa. Lakini kabla ya kumwaga maji tazama sakafu: tundu la kutolea maji liko wapi? Katika bafu nyingi liko ndani ya sehemu ya kuogea tu, na sakafu iliyobaki imelala kuelekea mlangoni. Ukimwaga kama nyumbani, maji yanaingia chumbani chini ya kitanda. Tandika taulo la chini kizingitini, na kaa sawasawa juu ya choo. Choo chao cha kukalia usikipande kwa miguu. Kiti kinavunjika, na sehemu ya chini ni udongo wa kauri, ikipasuka inakata vibaya.

Mkiingia mkakuta harufu ya chemba, msidhani ni uchafu. Lile tundu la sakafuni lina kikombe kinachoshika maji ili harufu isipande. Chumba kikikaa siku kadhaa bila mtu, maji hayo yanakauka kwa joto na upepo. Mwagia lita mbili tatu, ngoja dakika kumi, fungua dirisha. Ikiendelea ndipo umwite mwenyewe.

Maji ya moto: angalia juu ya paa. Kuna bao la kioo lililolala kuelekea kusini na tangi juu yake. Jua linapasha maji mchana kutwa, kwa hiyo maji yako moto kweli kuanzia saa 8 mchana hadi jioni. Tatizo ni saa 12 jioni, wote wametoka baharini na wote wanaoga. Wa mwisho anapata baridi, na asubuhi tangi bado halijapata jua. Mama aoge saa 10. Ikibidi kuoga asubuhi, ndani ya kisanduku cha breka kuna swichi imeandikwa ΘΕΡΜΟΣΙΦΩΝΑΣ, au kifupi chake, mara nyingi ina taa ndogo nyekundu. Hiyo ndiyo hita. Washa dakika 20 hadi 30, kisha izime kabla ya kuingia kuoga. Wenyewe ndivyo wanavyofanya, na kwenye nyaya za zamani ni tahadhari nzuri. Kama kisanduku kiko nje ya chumba, muombe mwenyewe, usikifungue.

Visiwa vile mvua za kiangazi hazipo, toka Mei hadi Septemba ni ukame. Maji yana thamani. Mfereji mdogo unatosha kwa udhu. Ya kunywa nunueni ya chupa, kwa sababu ya bomba visiwani mengi yana chumvi au chokaa.

Umeme ni sawa na wetu, volti 230, kwa hiyo chaja hazitaki transfoma. Plagi ndiyo tofauti: yetu ya miguu mitatu ya mraba haiingii, yao ni matundu mawili ya duara. Chukueni adapta 2, na soketi ya kugawa ya kwetu moja: adapta moja inalisha chaja zote. Na kiyoyozi kikizimika chenyewe, funga kwanza mlango wa baraza. Nyingi zina kidude mlangoni kinachokata umeme mlango ukiwa wazi.

Nahodha_Mkoani

La meli. Dada, msiondoke Naxos siku ya ndege. Hesabu hii: meli ya kawaida hadi Piraeus, bandari ya Athens, inachukua kama saa 5 na nusu. Ikitoka saa 3 asubuhi, inatia nanga saa 8 na nusu mchana. Kushuka, kuvuka barabara, kungoja treni na saa nzima ya njiani, uko uwanja wa ndege saa 10, ndege saa 12. Hiyo ni kama hakuna kilichochelewa hata kwa dakika. Na kuchelewa kupo, kwa sababu ya meltemi.

Meltemi ni upepo wa kaskazini wa bahari ya Aegean, unavuma hasa Julai na Agosti na Septemba bado upo ingawa umeanza kulegea. Mtu wa Zanzibar ataufahamu haraka: unavuma miezi ileile ya kusi yetu, na chanzo ni ndugu. Joto la bara la Asia linapunguza uzito wa hewa kule, hewa inavutwa: kwetu inapanda kutoka kusini, kwao inashuka kutoka kaskazini, mbingu ikiwa safi bila wingu. Ndiyo sababu unawahadaa watu. Unaona jua linawaka, bahari imejaa meno meupe.

Upepo ukifika nguvu 8 kwa kipimo cha Beaufort, walinzi wa pwani wanafunga bandari, meli kubwa haziondoki. Boti za kasi zinasimamishwa mapema zaidi. Hakuna kubembeleza, na ni haki. Safari ikifutwa unarudishiwa nauli au unapewa ya baadaye, lakini ndege yako haikungoji. Kwa hiyo: rudini Athens siku moja kabla, mlale, siku ya pili mwende uwanjani kwa utulivu. Punguzeni usiku mmoja Naxos kuliko kupunguza huo. Naxos ina uwanja mdogo wa ndege pia, kama dakika 40 hadi Athens, ila vindege vile navyo upepo unavizuia.

Kwa ajili ya mama, chagueni meli kubwa ya kawaida, siyo ya kasi. Haitikisiki sana, ina sehemu ya kutembea, na kubwa zina ngazi za umeme na lifti kutoka chini kwenye magari hadi juu. Mwambieni baharia mlangoni kuwa mna mama mwenye maumivu ya magoti, atawaonesha. Fikeni bandarini dakika 45 kabla. Piraeus ni pana, ina mageti kutoka E1 hadi E12. Meli za visiwa vya Cyclades, kundi la Naxos, nyingi ziko E6 na E7, karibu na stesheni ya treni, lakini someni tiketi, geti hubadilika. Kutoka uwanja wa ndege treni ya laini ya 3 inafika Piraeus moja kwa moja, euro 9, na stesheni zake zina lifti. Basi X96 ni rahisi zaidi kwa bei, linatembea usiku na mchana, ila foleni ya magari ni ileile ya watu wote.

Jambo moja la mwisho ambalo linawapata wageni: visiwani meli haikai. Inafungua mlango wa nyuma, watu wanashuka na magari pamoja, dakika chache inaondoka. Mkisikia Naxos imetangazwa, inukeni na mizigo, teremkeni, simameni tayari kabla haijafunga kamba. Mama awe mbele yenu, begi nyuma. Na waandikieni hoteli jina la meli na saa ya kufika. Hoteli nyingi za familia zinatuma gari gatini, wengine bure na wengine kwa malipo, muulize kabla.

Jikoni_Malindi

Chakula hakitawashinda kabisa, ila mjue maneno.

Nguruwe ni χοιρινό, kwa herufi kubwa ΧΟΙΡΙΝΟ, hutamkwa hirinó. Andikeni kwenye kikaratasi muweze kulinganisha na menyu. Gyros na souvlaki, nyama zao za kuchoma, msipouliza ni nguruwe. Kuku ni kotópulo. Moussaka, biringani za tanuri zenye nyama ya kusaga, na nyama yoyote ya kusaga, mara nyingi zimechanganywa na ya nguruwe. Chai ya asubuhi ya hoteli: mkate, mayai, jibini, mtindi, asali, zeituni, nyanya. Humo nyama inayowekwa ni ya nguruwe karibu daima, na mara nyingine iko sahani moja na jibini. Mwambieni mwenyewe siku ya kwanza, "horís hirinó", bila nguruwe, awawekee sahani yenu mbali. Mtu anayewapikia watu ishirini ataliweza hilo, mpishi wa watu mia tano hawezi.

Nyama ya halali visiwa vidogo msiitegemee. Athens ipo, maduka ya Waarabu na Wapakistani mitaa ya Omonia. Naxos kuleni samaki na vya shamba. Wagiriki wana funga zao za kanisa ambazo hawali nyama wala maziwa, kwa hiyo wana vyakula vingi vitamu vya mafuta ya zeituni: gigantes ni maharage makubwa ya tanuri, fava ni kama uji mzito wa choroko za njano, briam ni mboga za tanuri, gemistá ni nyanya na pilipili hoho zilizojazwa wali. Hii ya mwisho uliza kama ina nyama ya kusaga. Neno la kuwaokoa ni nistísimo, maana yake chakula cha funga. Naxos ina viazi vyake maarufu, vya kukaanga msiviache.

Samaki wakubwa wanauzwa kwa kilo. Bei mnayoiona kwenye menyu ni ya kilo, siyo ya sahani. Nendeni jikoni mkamchague, mkaone mizani, muulize jumla kabla hajawekwa motoni. Wa barafu lazima aandikwe κατ. au alama ya nyota. Dagaa na samaki wadogo, gavros na sardela, ni bei ya sahani na ni watamu. Pweza yupo tele, wanamwanika kamba kama nguo kabla ya kumchoma. Wa kuchoma ni salama. Wa krasáto amepikwa kwa mvinyo, huyo muacheni. Wa xidáto ni wa siki.

Pilipili, ndimu ya kukausha, bizari, kama mkwe wako hali bila hivyo, mbebeeni kichupa. Kwao ni chumvi, ndimu na oregano.

Mkipokelewa, mwenyewe atawaletea kikombe kidogo cha pombe ya kienyeji, Naxos ni kitron. Ni heshima kwake. Weka mkono kifuani, sema "óhi, efharistó", atakuleteeni kahawa au tunda la sukari kwenye kijiko. Tahadhari na neno "ne": kwao ni ndiyo. Na mtu akiinua kichwa juu akatoa sauti ya ulimi, kama kufyonya, hajakufyonya. Amesema hapana tu.

Ummu_Wete

Allah awalipeni kheri nyote. Usiku wa Athens tumeshauongeza. Mawili yamebaki: kibla na nyakati za sala, na pia mama akitaka kuingia baharini, maji yanatoka na kujaa saa ngapi?

Ustadh_Kikwajuni

Kibla kwanza, kwa sababu mazoea yatakudanganya. Sisi hapa tunaelekea kaskazini. Naxos iko juu ya Makka, kwa hiyo kibla ni kusini-mashariki, karibu nyuzi 137 za dira. Kwa Agia Anna, bahari iko magharibi: mkiipa bahari mgongo kisha mkageuka kiasi kuliani, mmekaribia. Dira ya simu ihakikishwe mbali na chuma cha kitanda na kiyoyozi.

Saa zao kutoka mwisho wa Machi hadi mwisho wa Oktoba ni sawa na zetu, simu haitabadilika. Jua ndilo linalochelewa. Katikati ya Septemba alfajiri inaingia kama saa 11 na nusu, jua linachomoza saa 1, adhuhuri ni saa 7 na robo mchana, alasiri kama saa 11 kasoro robo, magharibi saa 1 na nusu usiku, isha karibu saa 3. Mtu akifuata mazoea ya hapa atasali adhuhuri kabla ya wakati. Msikiti Naxos msiutarajie. Athens upo wa serikali, mtaa wa Votanikos, ulifunguliwa mwaka 2020.

Kuhusu kupunguza sala: kwa madhehebu yetu ya Shafii, aliyenuia kukaa mahali siku 4 kamili, bila kuhesabu ya kuingia na ya kutoka, anasali kamili. Mkibaki na usiku 5 Naxos, siku za katikati ni 4, kwa hiyo mnasali kamili tangu mnafika. Njiani na Athens mnapunguza.

Nahodha_Mkoani

La maji: hakuna bamvua wala maji mafu ya kuyasubiri. Kwetu bamvua maji yanapanda na kushuka kama mita 4, unatembea hadi kwenye mwani. Aegean tofauti ni sentimita chache tu, ufukwe ni uleule asubuhi na jioni. Agia Anna ni mchanga, mama ataingia wakati wowote. Baridi ndiyo ya kumwambia: Septemba bahari ni kama nyuzi 23 au 24, kwetu ni 26 kwenda juu. Aingie saa 8 mchana, siyo alfajiri. Upepo ukichacha, asubuhi kabla ya saa 5 ndiyo tulivu. Ufukwe wa Mikri Vigla uacheni, huko ndiko kwa wenye kaiti, kama Paje.

Nguo za stara ufukweni hakuna sheria inayokataza. Vitanda vya kukodi si lazima. Sehemu ya ufukwe ni ya watu wote, tandikeni mkeka wenu.

Mpokezi_Paje

Nyongeza kwa ajili ya mama. Waandikieni sasa hivi, kabla ya kutuma pesa, muombe vyumba vya chini, neno lao ni isógio. Ngazi za visiwa vile ni nyembamba, nyingi hazina mkono wa kushikia, na zikiwa za marumaru zenye mchanga na maji zinateleza. Hoteli yenye vyumba 11 pengine ina vitano tu vya chini, na wa kwanza kuomba ndiye anayepata.

Kuna saa za utulivu za kisheria wakati wa kiangazi: saa 9 alasiri hadi saa 11 na nusu, na saa 5 usiku hadi saa 1 asubuhi. Wenye nyumba wanalala mchana. Msigonge mlango wao kuomba taulo saa 10, na ufunguo mkiuhitaji, uchukueni kabla ya saa 9.

Fundi_Bomba_Mwera

Na mkiwaandikia, ulizeni pia ukingo wa sehemu ya kuogea una urefu wa sentimita ngapi kutoka sakafuni. Bafu zilizotengenezwa upya zina 3 au 5, mama anavuka bila kuhisi. Za zamani zina beseni la sentimita 15 hadi 20, na zenye bafu la kulala zinafika 50. Kwa magoti yale, ikizidi 15 ombeni chumba kingine, au kiti cha plastiki cha nje chenye mikono: miguu ya kiti haitakaa ndani ya beseni dogo, kwa hiyo wapime na upana wa beseni, usipungue sentimita 80. Wakutumie picha ya bafu la chumba chenu chenyewe, namba ya mlango ionekane.